Neno "Limekaguliwa" na Ununuzi wa Pikapu Kuukuu: Tahakiki ya Msamiati wa Nachingwea na Ruangwa

Utangulizi

Kazi ya kukusanya istilahi za ufundi wa magari ilitufikisha Nachingwea na Ruangwa, mkoani Lindi, katika msimu wa korosho. Tulikwenda kutafuta majina ya vipuri, na katika jambo hilo mafundi wa huko walitukirimu kwa maneno mengi. Lakini katika mazungumzo yetu na mafundi, wauzaji na wanunuzi, lilijitokeza neno moja ambalo hatukuwa tumeliweka katika orodha yetu, kwa kuwa tulidhani halina tatizo lolote. Neno hilo ni limekaguliwa, au kama wasemavyo wengi, "imekaguliwa". Katika makala haya tutajaribu kuonyesha kwamba neno hili, kwa jinsi linavyotumika katika biashara ya pikapu zilizotumika, linabeba angalau kazi nne tofauti, na kwamba mkanganyiko huo unawagharimu wananchi fedha na hata usalama wao. Kadhalika tutaikosoa orodha yetu wenyewe, maana lawama haiwezi kubebwa na wauzaji peke yao.

Hali ya mahali

Wilaya hizi mbili ni za wakulima. Korosho, ufuta na mbaazi ndizo zinazoleta fedha, na sehemu kubwa ya korosho huuzwa kwa mfumo wa stakabadhi ghalani kupitia vyama vya msingi na chama kikuu cha RUNALI, ambacho jina lake limetokana na Ruangwa, Nachingwea na Liwale. Malipo yakishaingia, mkulima aliyepata vizuri hufikiria mambo matatu: bati, ada za shule, na chombo cha usafiri. Chombo kinachofaa zaidi ni pikapu. Hubeba magunia, mabomba ya dawa, mbuzi, wagonjwa na maharusi. Pikapu mpya haimo katika uwezo wa wengi, kwa hiyo kinachonunuliwa ni ile iliyokwisha kutumika, mara nyingi yenye umri wa miaka 20 au zaidi. Wengine hununua magari yaliyoagizwa kutoka Japani, wengine huyapata minadani baada ya serikali au miradi kuyaacha, na wengine huuziana wao kwa wao.

Wenyeji wa sehemu hizi si wageni wa mitambo iliyotumika. Wazee wa Nachingwea bado huitaja habari ya mpango wa karanga ulioanzishwa na serikali ya Uingereza mwaka 1947 katika Kongwa, Urambo na Nachingwea. Inafaa kukumbuka kwamba mpango huo ulianza kwa matrekta na mashine za mabaki ya Vita Kuu ya Pili, nyingine zikiwa zimenunuliwa katika maghala ya mabaki ya vita huko Ufilipino. Nyingi zilifika zikiwa zimechoka, vipuri vilikuwa adimu, na hazikuchukua muda mrefu kabla ya kulala karakana. Mpango wenyewe ulifikia mwisho wake mwaka 1951, na reli iliyojengwa kutoka Mtwara hadi Nachingwea ikang'olewa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Hasara hiyo ilikuwa na sababu nyingi, mojawapo ikiwa hii: mashine zilinunuliwa bila kumbukumbu za kutosha za maisha yao ya nyuma. Serikali tajiri iliweza kuifuta hasara hiyo katika vitabu vyake. Mkulima wa Ruangwa hana kitabu cha namna hiyo.

Kukagua ni kufanya nini?

Huko Ruangwa tulionyeshwa pikapu iliyoegeshwa chini ya mwembe. Mwenyewe, mzee wa makamo ya juu, alitueleza kwamba imekaa hapo masika mawili. Alipoinunua, muuzaji alimwambia gari limekaguliwa, akamwonyesha na stika kwenye kioo cha mbele. Fedha zikalipwa, hati ya mauziano ikaandikwa. Alipofuatilia kubadilisha jina la mmiliki ikaonekana kwamba namba ya chesisi iliyomo kwenye kadi haiwezi kusomwa kwenye gari lenyewe, kwa kuwa mahali pake palikuwa pamechomelewa kipande cha chuma. Tangu siku hiyo gari halikuweza kuwa lake kisheria, na muuzaji hapatikani.

Tulimwuliza, "Mzee, hukulikagua kabla ya kulipa?"

Akatujibu, "Nililikagua, wanangu. Nililizunguka lote, nikaliwasha, nikapanda na muuzaji tukaenda nalo mpaka barabara kuu tukarudi."

Jibu hili lilitunyamazisha. Mzee hakusema uongo, wala hakutumia neno visivyo. Kamusi zetu hukieleza kitenzi kagua kwa maana ya kuangalia jambo kwa makini ili kujua hali yake, naye aliangalia kwa makini kadiri ya ujuzi wake. Muuzaji naye, akibanwa, angeweza kudai kwamba hakusema uongo, kwa kuwa stika ilikuwapo, ingawa mwaka ulioandikwa juu yake ulikuwa umepita. Hata hati ya mauziano, ambayo mzee aliitoa katika mfuko wa nailoni akatusomea, ilikuwa na sentensi iliyonyooka kisarufi: gari limeuzwa kama lilivyo, limekaguliwa, na mnunuzi ameridhika.

Tuitazame sentensi hiyo kama watu wa lugha. Kauli ya kutendwa katika Kiswahili huturuhusu kumwacha mtenda nje. Tunaweza kusema "mlango umefungwa" bila kumtaja aliyeufunga, na hakuna anayeumia. Lakini "gari limekaguliwa" bila mtenda ni sentensi yenye mashimo matatu: nani alikagua, lini alikagua, na alikagua kitu gani. Kila msikilizaji huyajaza mashimo hayo kwa matumaini yake mwenyewe. Mnunuzi hudhani ni askari wa usalama barabarani, juzi, na gari zima. Muuzaji hukusudia mtu yeyote, wakati wowote, na sehemu yoyote.

Kwa hakika gari lililotumika huweza kupitia mikono ya watu wengi wanaoitwa wakaguzi. Likiwa Japani, gari la mizigo la aina hii hutakiwa kufanyiwa ukaguzi wa kisheria baada ya miaka 2 ya kwanza na kisha kila mwaka, ilhali gari dogo la kutembelea hukaguliwa baada ya miaka 3 na kisha kila baada ya miaka 2. Linapoingizwa nchini, ubora wake huwa chini ya uangalizi wa Shirika la Viwango Tanzania. Likiwa barabarani, hukabiliwa na Sheria ya Usalama Barabarani, Na. 30 ya mwaka 1973, na askari hulitazama, hasa nyakati za wiki ya Nenda kwa Usalama ambapo magari yaliyokubaliwa hubandikwa stika. Likipata ajali, mkaguzi wa magari wa Polisi huandika taarifa ya ubovu wake. Mwisho huja fundi wa mnunuzi, ikiwa mnunuzi ana fundi. Shughuli hizi zote tumeziita kwa jina moja.

Maneno mengine ya wauzaji

Neno limekaguliwa halitembei peke yake. Linafuatana na maneno mengine ambayo wasomaji wetu wa mjini na wa shamba watayatambua mara moja. Tutayachambua matatu.

La kwanza ni halidai. Fundi mmoja wa Nachingwea, akimnadia gari mteja mbele yetu, alisema, "Mjomba, hii haidai. Ni kutia mafuta na kuondoka." Maana yake ni kwamba gari halihitaji matengenezo. Ni usemi mzuri, tena wenye tamathali iliyo hai: gari linafanywa kama mdai anayesubiri kulipwa breki, springi au klachi. Lakini uko usemi wa pili unaofanana nao, halidaiwi, yaani gari halina deni la faini, kodi wala mkopo juu yake. Tofauti ni kiambishi kimoja cha kutendwa, nacho katika mazungumzo ya haraka humezwa. Tulishuhudia mnunuzi akiuliza kama gari linadaiwa, na muuzaji akijibu kwamba halidai hata mia. Mnunuzi akatosheka. Swali lilihusu deni la faini, jibu likahusu breki na klachi, na wote wawili walidhani wameelewana. Ingawa ada ya leseni ya gari ya kila mwaka ilifutwa mwaka 2017, faini za barabarani huandikwa kwa namba ya gari, na mnunuzi asiyeuliza sawasawa huweza kukuta madeni ya mwenzake yakimngojea.

La pili ni namba D. Kila Mtanzania anayefuatilia magari hujua kwamba herufi ya kwanza kati ya zile tatu za mwisho katika kibao cha namba huonyesha zama gari liliposajiliwa: namba A ni za zamani, zikafuata B, C, D na kuendelea. Wananchi wameunda hapa istilahi yao wenyewe bila msaada wa baraza lolote, nasi tunawapongeza. Kasoro yake ni kwamba imechukuliwa kuwa kipimo cha umri wa gari. Pikapu iliyotengenezwa mwaka 1996 huweza kuwa na namba D kwa kuwa iliingizwa nchini ikiwa tayari mzee. Namba hueleza umri wa usajili wake hapa kwetu, basi. Umri wa gari lenyewe hutafutwa katika kadi, kwenye mwaka wa kutengenezwa, na katika namba ya chesisi. Bei, hata hivyo, hupangwa kwa herufi, na tulimsikia muuzaji akiitamka D kana kwamba ni cheti cha daktari.

La tatu ni injini haijaguswa. Linasemwa kwa fahari. Tulimwuliza fundi mkongwe wa Nachingwea anavyolielewa, akacheka akasema, "Mwalimu, injini ya miaka ishirini na tano ambayo haijafunguliwa hata mara moja, mimi ningeiogopa. Na kama imefunguliwa, nataka kujua nani aliifungua." Maneno haya ya fundi yana hekima ya kiistilahi. Yanatukumbusha kwamba jambo la kusifu katika chombo kikuukuu ni kuguswa kwa mikono stahiki, na kuandikwa kwa kila mguso.

Historia au kumbukumbu?

Hapa inatupasa kuikosoa ofisi yetu. Katika orodha ya awali ya istilahi za magari tulikuwa tumeandika historia ya ukaguzi. Tuliafikiana juu yake mezani, kwa dakika chache, kwa kuwa ilionekana kulingana na dhana ya kigeni neno kwa neno. Baada ya safari hii tunaona kwamba tulikosea.

Katika matumizi ya Kiswahili, historia ni jambo linalosimuliwa. Mwulize muuzaji historia ya gari naye atakusimulia: lilikuwa la daktari, lilikuwa la misheni, mwenyewe alikuwa halipakii mizigo. Simulizi hiyo huenda ikawa ya kweli, lakini msimulizi wake ni yule yule anayengojea fedha. Mnunuzi anahitaji kitu kilichoandikwa na mtu asiye na faida katika mauzo hayo, kikiwa na tarehe, namba ya chesisi, kilometa zilizosomwa siku hiyo, na kasoro zilizoonekana. Kitu hicho kwa Kiswahili ni kumbukumbu, kwa maana ileile tunayosema kumbukumbu za kikao. Kumbukumbu za kikao haziandikwi kwa kubuni baada ya mwaka mzima. Huandikwa palepale na mtu aliyepewa kazi hiyo.

Mifano ya nchi nyingine yaweza kutusaidia kuona ukubwa wa dhana. Nchini Uingereza upimaji wa lazima wa magari yenye umri ulianzishwa mwaka 1960. Siku hizi mtu yeyote mwenye namba ya gari huweza kusoma matokeo ya vipimo vya miaka ya nyuma, kilometa zake, na mambo ambayo mpimaji aliyaonya ingawa gari lilipita. Huko Japani, cheti kinachotolewa gari linapofutwa kwenye usajili kwa ajili ya kusafirishwa nje huonyesha tarehe ya usajili wake wa kwanza na namba ya chesisi, na kwa magari ya miaka ya karibuni huonyesha pia kilometa zilizosomwa wakati wa ukaguzi. Mnunuzi wa Nachingwea aliye na nakala ya cheti hicho anaweza kulinganisha kilometa za cheti na zile za dashibodi. Ikiwa dashibodi inasoma chini ya cheti, basi zimerudishwa nyuma, na hakuna haja ya mjadala mrefu. Vyeti hivi vipo. Aghalabu hubaki katika jalada la wakala wa forodha, au muuzaji huvitupa kwa kuwa hakuna anayeviuliza. Haviulizwi kwa sababu havina jina linalojulikana kwa Kiswahili. Hapo ndipo kazi yetu inapogusana na mfuko wa mwananchi.

Hoja za wanaotupinga

Tulipoyatoa mawazo haya kwa wenzetu, baadhi walisema kwamba mwizi ataiba hata akipewa istilahi safi. Ni kweli. Istilahi haizuii kuchomelea chesisi. Lakini mwizi wa Ruangwa hakuhitaji kusema uongo hata mmoja. Lugha ilimfanyia kazi hiyo. Tunalotaka ni kwamba atakayedanganya alazimike kudanganya waziwazi, kwa kutaja jina na tarehe ambazo zinaweza kufuatiliwa.

Wengine walisema kwamba mafundi hawatayapokea maneno mapya. Hoja hii ina uzito zaidi, nasi tumeizingatia kwa kutobuni neno hata moja. Yote tunayoyapendekeza hapa chini yamo vinywani mwa watu. Tunachoomba ni kugawana kazi tu, kila neno lishike lake.

Mapendekezo

Kwanza, neno ukaguzi libaki kwa uchunguzi unaofanywa na mwenye mamlaka ya kisheria, kama vile mkaguzi wa magari wa Polisi. Gari halitasemwa limekaguliwa bila kutajwa mkaguzi na tarehe.

Pili, neno upimaji litumike pale ambapo chombo hutoa kipimo, kama vile nguvu ya breki, moshi au unene wa kashata za matairi. Matokeo ya upimaji ni tarakimu, wala si maoni.

Tatu, neno uchunguzi liwe la fundi anayeitwa na mnunuzi mwenyewe. Fundi huyo atazame chini ya gari, kwenye kutu, kwenye mahali palipochomelewa, kwenye springi na stelingi, na asiwe fundi wa muuzaji.

Nne, neno uhakiki liwe la karatasi: kulinganisha namba ya chesisi na ya injini iliyomo kwenye kadi na ile iliyogongwa kwenye chuma, kuthibitisha jina la mmiliki katika Mamlaka ya Mapato, na kuuliza kama gari linadaiwa. Tunasisitiza kwamba magari mengi yaliyotengenezwa kwa soko la Japani hayana namba ndefu ya tarakimu na herufi 17. Namba yake ni fupi, yenye alama ya aina ya gari, kistari, kisha tarakimu. Ufupi huo peke yake si dalili ya wizi, kama baadhi ya wanunuzi walivyotuambia.

Tano, badala ya historia ya ukaguzi tuseme kumbukumbu za ukaguzi, na orodha yetu irekebishwe.

Sita, matokeo ya ukaguzi yawe na majina matatu: limefaulu, limeshindwa, na limefaulu kwa angalizo. Neno angalizo tunalitilia mkazo. Mkaguzi mwangalifu mara nyingi huona jambo ambalo halijafikia kulizuia gari, lakini litafikia. Jambo hilo likikosa jina, haliandikwi; na lisipoandikwa, mnunuzi hulikuta kwenye mteremko, magunia yakiwa nyuma na watu wakiwa juu ya magunia.

Kwa hati za mauziano tunapendekeza sentensi ile ya zamani iachwe, na badala yake iandikwe hivi: gari limekaguliwa na (jina na cheo) tarehe (siku, mwezi, mwaka), limechunguzwa na fundi (jina) kwa niaba ya mnunuzi, namba ya chesisi imesomwa kwenye chuma na kuhakikiwa na pande zote mbili. Panapokosekana jina la kujaza, pachorwe mstari. Mstari huo utamwambia mnunuzi mengi kuliko neno limekaguliwa.

Hitimisho

Sheria Na. 27 ya mwaka 1967 ililipa Baraza jukumu la kukuza matumizi ya Kiswahili nchini. Uuzaji wa pikapu chini ya mwembe ni biashara, na pengine ndiyo biashara kubwa kuliko zote ambayo mkulima yule ataifanya maishani mwake. Tulipoagana naye alituuliza kama neno tulilokuwa tukiliandika litamsaidia kupata kadi. Tulimjibu kwamba halitamsaidia. Akasema, "Basi liandikeni kwa ajili ya hawa wanaonunua mwaka huu."

Tunawaomba wasomaji, hususan mafundi, mawakili, watendaji wa vijiji na walimu wa vyuo vya ufundi, watuletee maoni yao kuhusu maneno haya sita kabla orodha haijafikishwa mbele ya kikao cha kusanifu. Wenye maneno bora kutoka Liwale, Masasi, Newala au kwingineko wasiyaweke kabatini.